Analala na viatu miguuni

Shangazi, mdogo wangu alichukuliwa hapa kijijini akiwa na miaka 13. Mama mmoja, ndugu wa upande wa baba, alisema anampeleka Dar kusomea ushonaji. Amerudi juzi ana 16, hana hata kibegi. Alifanywa hausigeli, mshahara ukakatwa wote eti deni la nauli, kisha akahamishiwa grosari. Akifika hapo katika kusimulia, ananyamaza. Usiku analala na viatu miguuni. Wazee wanataka yaishe kifamilia. Na huyo mama yupo, Jumamosi anaondoka na binti wa jirani. Nifanyeje?
Dada Mtu, Mufindi

Mwanangu, nianze na Jumamosi, maana ya mdogo wako yanaweza kungoja wiki, ya binti wa jirani hayangoji. Leo hii piga 116, simu ya bure ya watoto. Kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituoni polisi, na umwone ofisa ustawi wa jamii. Usisubiri mdogo wako aongee kwanza.

Wazee watakwambia mama yenu aliridhia, pengine hata kitenge alipokea. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu haiangalii kitenge. Anayemchukua mtoto kwa ahadi ya uongo ili akatumikishwe ametenda jinai, na kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kuifuta. Undugu nao si kinga. Wanaokuja kuchukua mabinti vijijini mara nyingi ni watu tunaowaita mama mdogo, dada, na hata shangazi, Mungu atusamehe.

Huyo mdogo wako, viatu mwachie. Miaka mitatu amelala kwa watu, hajui usiku gani ataambiwa atoke. Atavivua mwenyewe. Ya grosari usimchokonoe, wala usikubali akalishwe mbele ya wazee ahojiwe. Mpeleke hospitali ya wilaya, omba ahudumiwe na muuguzi wa kike, apimwe afya yote. Siku akifungua mdomo, msikilize tu. Lile swali la "kwa nini hukutoroka?" lisitoke kinywani mwako. Angetoroka na nauli ya nani?

Sasa chukua karatasi. Andika jina la huyo mama, namba yake ya simu na basi analopanda, uifikishe dawatini kabla ya Ijumaa jioni.