MSIIWASHE KWANZA: Somo la kufufua kompyuta ya zamani



Vikundi vingi hupewa vitu vya zamani na wafadhili: cherehani, baiskeli, siku hizi hata kompyuta. Kwa sababu kitu ni cha bure, hakuna anayeuliza maswali. Tunashukuru, tunapiga makofi, tunachomeka kwenye stima. Hapo ndipo shida huanza. Leo tujifunze jinsi ya kupokea kompyuta kuukuu, kuifufua, na kuiongezea nguvu bila kupoteza pesa za kikundi.

KOSA LETU WENYEWE

Tuanze kwa kukiri. Marafiki walioko Ujerumani walitutumia kompyuta mbili aina ya Commodore 64, zimefungwa vizuri kwa magazeti. Zilikuwa zimekaa darini miaka mingi. Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa kimevuta stima kwenye chumba kidogo, kikanunua meza na TV ya mkono wa pili, ili watoto wao wapate kujifunza siku za Jumamosi. Siku ya kuzindua watu walijaa. Tukaunganisha nyaya, tukawasha. Skrini ya buluu ikatokea, watoto wakashangilia. Baada ya dakika kama kumi hivi, picha ikapotea. Haikurudi tena.

Tulimwita fundi wa redio wa pale sokoni. Akakishika kile kisanduku cheusi cha stima, akauliza, "Mlipima kinachotoka hapa?"

Tukatazamana. "Hapana, fundi," mama mwenyekiti akajibu.

"Basi mama, hamkuiwasha. Mmeichoma."

Maneno yakaanza. Nani alisema iwashwe? Pesa za stima zitarudi vipi? Mama mweka hazina, ambaye hakuwa amegusa hata waya mmoja, nusura ajiuzulu. Kosa lilikuwa letu sisi wa ofisi tulioleta mashine, na tukalisema mbele ya kikundi. Lakini mnaona, kilichoungua pale si kompyuta peke yake. Imani ya wanachama nayo ilishika moto. Kwa hiyo ile ya pili hatukuiwasha mpaka tulipojifunza haya yafuatayo.

IJUENI MASHINE YENYEWE

Commodore 64 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1982 kwa dola 595, na ikaendelea mpaka kampuni iliyoitengeneza ilipofilisika mwaka 1994. Iliuzwa kwa mamilioni, hasa Marekani na Ulaya, ndiyo maana bado zinapatikana kwenye dari na stoo za watu. Ukiitazama unaona kibodi nene tu yenye vitufe 66, kwa kuwa bodi yote ya umeme imo ndani ya kibodi hiyo. Haina skrini yake, hutumia TV. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64, yaani nafasi ya herufi 65,536 basi. Picha moja ya simu ya leo kwa kawaida haiwezi kuingia humo.

Kwanza ulizeni inatoka nchi gani. Mashine za Ulaya zilitengenezwa kwa stima ya volti 220 hadi 240, mizunguko 50, na picha yake ni ya mfumo wa PAL, ambao TV za kwetu zinaufahamu. Mashine ya Marekani inataka volti 120, na picha yake ni ya mfumo mwingine. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wetu wa volti 240, umeiua papo hapo. Someni maandishi yaliyo chini ya kisanduku cha stima kabla ya jambo lingine lolote.

KWA NINI HARAKA INAUA

Kisanduku cha stima kinapokea volti 240 na kutoa aina mbili za umeme mdogo: volti 5 na volti 9. Zile volti 5 ndizo zinazolisha chipu za kumbukumbu na ubongo wa mashine. Ndani yake kuna kidhibiti kinachohakikisha kwamba 5 inabaki 5. Kidhibiti hicho kikizeeka, mara nyingi hakizimiki kwa adabu. Kinaanza kupitisha volti zaidi, 6 au hata kupita hapo, na chipu za kumbukumbu zinakufa moja baada ya nyingine. Tena joto linachangia: kisanduku kinaweza kupima vizuri kikiwa baridi, halafu kikaharibika kikishapata moto. Ndiyo maana yetu iliishi dakika kumi.

HATUA ZA KUFUFUA

1. Pimeni stima. Mwiteni fundi aliye na mita. Achomeke kisanduku peke yake, bila kompyuta, akiache nusu saa, kisha apime. Volti 5 ziwe karibu sana na 5. Zikipita 5.2, kisanduku hicho kiwekwe kando, kisitumike tena. Msijaribu kukifungua: ndani mna stima ya ukutani, na vingi vimemwagiwa gundi ngumu isiyotoka. Hata kikipita mtihani, kipimo kizuri cha leo si ahadi ya kesho. Siku hizi kuna visanduku vipya vya mashine hii, na kuna kifaa kidogo cha kuweka katikati kinachokata stima volti zikizidi. Kama mna pesa ya kitu kimoja tu, nunueni hicho.

2. Fungueni pole pole. Chomoeni kila waya. Pale chini mbele kuna skrubu tatu. Mkishainua kifuniko, pigeni picha kwa simu kabla ya kung'oa chochote, ili mjue kila waya ulikuwa wapi. Gusa kwanza chuma kilichoshikana na ardhi, kwa sababu umeme mdogo wa mwilini, ule unaokuchoma ukivua sweta, unaweza kuua chipu.

3. Safisheni. Vumbi litolewe kwa brashi laini na kavu. Sehemu za kuunganishia zisuguliwe kwa pamba na spiriti safi. Vitufe visivyoshika vina kipande cheusi cha mpira chini yake. Kipanguseni taratibu, msikwangue. Kitufe cha SHIFT LOCK kina nyaya mbili zilizochomwa kwa risasi, kwa hiyo mwachieni fundi azitoe. Maji yasikaribie bodi kabisa.

4. Tazameni kapasita. Ni vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi. Kilichovimba au kuvuja kibadilishwe na kingine chenye kipimo sawa, na upande wa hasi ukae upande wa hasi. Kwa mashine hii kapasita nyingi huwa bado nzima, kwa hiyo msilipie kubadilisha zote bila sababu. Mkipewa aina nyingine ya miaka hiyo, kama Amiga 2000 ya mwaka 1987, tafuteni betri iliyochomwa kwenye bodi. Betri hiyo huvuja na kula njia za shaba. Itolewe mapema, hata kabla ya kujaribu mashine.

5. Sasa washeni. Mashine nzima huandika kwenye skrini ya buluu kwamba ina bytes 38911 zilizo huru. Andikeni namba hiyo ukutani. Ikitokea nyingine, kumbukumbu ina kasoro. Skrini ikibaki tupu na stima ni nzuri, fundi atazame fyuzi ndogo iliyo ndani, kisha chipu za kumbukumbu. Chipu inayopata moto sana kuliko wenzake ndani ya dakika moja, hiyo inashukiwa.

Onyo: TV ya zamani yenye kioo kinene nyuma isifunguliwe na mtu asiye fundi. Hata ikichomolewa, ndani hubaki na stima kali ya kuua.

KUIONGEZEA NGUVU: NINI NA NINI SIYO

Mashine ikishasimama, vijana watataka kuongeza hiki na kile. Hapa kikundi kikae chini kijiulize: tunaitaka ifanye kazi gani?

Zamani programu zilikuwa kwenye kaseti, au kwenye diski laini yenye nafasi ya kilobaiti 170 hivi kila upande. Diski hizo zimezeeka, na mashine za kuzisoma zinasumbua. Badala yake kuna kisomaji kidogo kiitwacho SD2IEC. Unakichomeka pale pa diski, unakiwekea kadi ya kumbukumbu kama zile za simu na kamera, na programu nyingi zinafunguka. Si zote, lakini kwa kufundishia zinatosha. Hiyo ni nyongeza yenye faida. Vipande vya alumini vya kupoza chipu navyo ni vya bei ndogo, na vinasaidia penye joto.

Kuna nyongeza nyingine ambazo ni mapambo. Kwa mfano, plastiki yake hugeuka njano. Huo si uchafu. Ni plastiki yenyewe imezeeka. Wako wanaoirudishia rangi kwa dawa ya kuchubua nywele na mwanga wa jua, lakini dawa hiyo inaunguza ngozi na macho, na kompyuta ya njano inafanya kazi sawa na nyeupe. Pesa hizo nunueni madaftari.

Tena tuseme ukweli. Mashine hii haitafanya kazi ya simu yako, wala haitachukua nafasi ya kitabu cha mweka hazina. Mtu akiwaambia mkanunue kompyuta ya 1982 ili mtunze hesabu za chama, mkatalieni. Uzuri wake ni kwamba ukiiwasha iko tayari kupokea amri, na mtoto hana mahali pa kubofya bila kufikiri. Akiandika PRINT 24*200 na kubonyeza RETURN, inamjibu 4800. Hapo anaelewa kwamba wanachama 24 wakitoa shilingi mia mbili kila mmoja, mama yake siku ya zamu atapokea shilingi elfu nne na mia nane. Ameiamrisha mashine mwenyewe, na hesabu ni ya nyumbani kwao.

ILE YA PILI IKO WAPI?

Ile ya pili ilikaa kwa fundi wiki tatu. Kisanduku chake kilipopimwa kikiwa na moto, kilikuwa kimepita kiwango. Yaani nayo tungeichoma vile vile. Tulinunua kisanduku kipya kwa pesa ya ofisi, si ya akina mama, kwa sababu kosa la kwanza halikuwa lao. Mama mweka hazina ndiye aliyepewa kuiwasha siku hiyo. Akasoma namba kwa sauti: tatu, nane, tisa, moja, moja. Hakuna aliyepiga makofi mpaka nusu saa ilipopita. Ile iliyokufa hatukuitupa. Fundi ametoa chipu zilizo nzima, na bodi yake vijana wanajifunzia kuchoma risasi.

Haraka haraka haina baraka, walisema wazee. Kitu cha zamani mkikipokea, kiulizeni kwanza kimetoka wapi, kinakula nini, na kitafanya kazi gani. Kisha ndiyo mkiwashe.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni kitu gani tulichopewa bure kikaharibika mikononi mwetu? Tulikosea wapi?
2. Kitu cha kikundi kikiharibika, tunatafuta sababu au tunatafuta mtu wa kulaumu?
3. Katika kijiji chetu ni fundi gani ana mita na uvumilivu? Tumewahi kumwalika afundishe vijana wetu?
4. Kabla ya kupokea msaada ujao, ni nani atasoma maandishi yaliyo chini ya kisanduku?