Kwa Nini Tapeli Hukwambia "Futa Ile ya Zamani Kwanza"

Umetumiwa faili kwa WhatsApp, eti ni "toleo jipya" la programu yetu ya malipo. Unajaribu kuiweka, simu inakataa. Ukimwuliza aliyekutumia, anajibu haraka: "Futa ile ya zamani kwanza, halafu ujaribu tena." Hapo simama. Simu yako haijaharibika. Kuna kitu imegundua, na ili ukielewe vizuri, hebu tushuke hadi ndani ya prosesa.

Prosesa haijui Kiswahili wala Kiingereza, inajua namba tu. Kwenye simu zenye prosesa ya ARM ya biti 64, kila amri ni namba ya biti 32, yaani baiti 4, si zaidi si kasoro. (Prosesa za x86 zilizo kwenye kompyuta nyingi ni vurugu kidogo: amri moja huchukua baiti 1, nyingine hufika hadi 15.)

Chukua amri iitwayo cbz. Maana yake ni "kama rejista hii ina sifuri, ruka". Biti 8 za mwanzo zinasema ni amri gani, 19 zinazofuata zinasema uruke umbali gani, na 5 za mwisho zinataja rejista. Umbali huhesabiwa kwa amri, si kwa baiti, kwa hiyo kuruka baiti 8 kunaandikwa 2. Ukisogeza hiyo 2 nafasi 5 kushoto unapata 64. Ukimaliza kupanga, "kama w0 ni sifuri, ruka baiti 8 mbele" inakuwa 0x34000040.

Hakuna mtu anataka kupanga biti hizo kwa mkono kutwa nzima. Ndiyo maana waandishi wa programu wana maktaba ndogo za msimbo za kazi hii: upande mmoja unasimba, yaani unageuza amri kuwa namba, na upande wa pili unasimbua, yaani unarudisha namba kuwa amri. Capstone, iliyotoka 2013, husimbua. Keystone husimba. Zydis hufanya yote mawili, lakini kwa x86. Kipimo chake ni rahisi: simba amri, kisha isimbue. Kama haikurudi vile ilivyokuwa, kuna kosa.

Sasa angalia amri ya pili, cbnz: "kama si sifuri, ruka". Namba yake ni 0x35000040. Kati ya 34 na 35 hapo kuna tofauti ya biti moja tu. Tuseme programu inajiuliza, "Je, ukaguzi umepita?" Mtu akigeuza biti hiyo moja, aliyefeli anapitishwa na aliyepita anafungiwa. Na kwa macho yako skrini ni ile ile, rangi ni zile zile. Wataalamu wa usalama hutumia visimbuzi hivyo hivyo kusoma faili ya kutiliwa shaka bila kuiendesha.

Lakini salio lako haliko ndani ya simu. Liko kwenye mitambo yetu, na PIN hukaguliwa huko, kwa hiyo kugeuza biti kwenye simu hakumpi mwizi shilingi yoyote. Anachotaka ni wewe mwenyewe uandike PIN kwenye skrini yake.

Turudi kwa simu iliyokataa. Programu halali hutiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri wa mwenye programu. Ikibadilishwa hata biti moja, saini haikubaliani tena na faili. Tapeli basi huweka saini yake mwenyewe, na Android haimzuii, kwa sababu yeyote anaweza kutengeneza ufunguo. Kinachomkwamisha ni sheria nyingine: toleo jipya haliwezi kukalia la zamani kama saini zao hazilingani. Ukiifuta ile ya zamani, simu haina tena cha kulinganisha, na faili yake inaingia bila shida, labda kwa onyo dogo tu ambalo wengi wetu tunalipita.

Kama tayari uliingia boksi, zima data na Wi-Fi kwanza, ondoa hiyo programu, kisha ubadilishe PIN ukitumia simu nyingine. Halafu tupigie kwa namba ya huduma kwa wateja uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo ndani ya ujumbe uliotumiwa.