Kuzeesha Visanamu na Kutengeneza Vitako Vyake kwa Somo la Historia

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Kibaha au Kisarawe hukuta zana chache za somo la historia, nazo aghalabu ni picha za ukutani. Kwa udongo, gundi na brashi mbili anaweza kujiongezea zana nyingine. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kupaka rangi visanamu vidogo vya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na hasa namna ya kuvizeesha na kuvitengenezea vitako. Kuzeesha ni kukifanya kitu kipya kionekane kimekwisha pigwa na jua, vumbi, mvua na kazi. Kitako ni kipande cha ardhi ambacho kisanamu husimama juu yake.

Huenda mwanachuo akauliza: kwa nini tusumbuke na vumbi, ilhali kisanamu kilichopakwa vizuri kinapendeza? Jibu ni kwamba kisanamu kisafi kinachong'aa hufundisha jambo lisilo kweli. Mtoto akiviona visanamu ishirini vimepangwa juu ya ubao laini wa kijani, ataiona vita kuwa ni gwaride.

Ufundi huu umekuzwa sana na wapenzi wa michezo ya vita ya mezani huko Ulaya. Maofisa wa jeshi la Prussia walifanya mazoezi kwa mchezo wa namna hiyo tangu 1824, na mwaka 1913 H. G. Wells wa Uingereza alichapisha kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wadogo wa kuchezea. Sisi hatuhitaji mchezo wa kumpata mshindi. Tunaazima ufundi wa mikono tu, na hata huo si mgeni kabisa. Wazaramo walichonga mwana hiti, kinyago kidogo cha mti alichopewa mwali wakati wa kuwekwa ndani. Mtazame mwana hiti wa zamani: sehemu zilizoshikwa na mikono zimelainika na kung'aa, na mifereji ya nywele imebaki na weusi. Kanuni nzima ya kuzeesha imo humo. Palipoguswa pamechakaa, na pasipofikiwa na mkono pameweka uchafu.

Tuanze na kipimo. Kisanamu chenye kimo cha sentimita 6 kikiwakilisha mtu wa sentimita 168, kila kitu kimepunguzwa mara 28. Kijiwe cha sentimita 1 kilichobandikwa penye kitako ni jiwe la sentimita 28, ambalo mtu hujikwaa. Mpamba wa mita moja utakuwa na kimo cha sentimita tatu na nusu hivi. Hesabu hizi wafanye wanafunzi wenyewe kabla hawajagusa gundi. Darasa la sita wanaziweza, na hapo somo la hisabati limeingia bila kubisha hodi.

Udongo wa kufinyangia uchanganywe na mchanga mdogo ili usipasuke. Wilaya ya Kisarawe inajulikana kwa udongo mweupe wa vilima vya Pugu, ambao ni mzuri kwa rangi nyeupe. Lakini peke yake haushikamani vizuri mkononi, hivyo uchanganywe na mfinyanzi wa kawaida. Watoto wasipelekwe kuuchimba katika mapango ya machimbo ya zamani. Visanamu vikikauka vichomwe. Visipochomwa, vipakwe kwanza gundi nyepesi, kwa maana maji ya rangi yatavirudisha kuwa tope. Mkuki hutengenezwa kwa ujiti wa chelewa uliochongwa ncha.

Sasa tumefika penye jambo ambalo walimu wengi hulirukia: kabla ya kuchagua rangi, chagua tarehe. Vita ilianza Julai 1905 huko Nandete, katika nchi ya Wamatumbi, watu walipong'oa mipamba ya shamba la serikali ya Wajerumani. Julai ni kipupwe. Nyasi zimekauka, njia zina vumbi, na tope halipo. Kisanamu cha Julai chenye matope magotini kimekosewa, hata kama kimepakwa kwa ustadi. Kisanamu cha Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza, chaweza kuwa na matope hayo.

Vumbi hupanda kutoka chini: huwa jingi miguuni, hupungua magotini, na kiunoni karibu halipo. Chukua udongo ule ule wa kitako, uanike, uuchekeche kwa kitambaa, kisha uupake mkavu kwa brashi kavu. Jua hushuka kutoka juu. Kwa hiyo sare ya kaki ya askari ipauke mabegani kuliko kwapani, na kaniki ya mpiganaji ipoteze weusi wake mgongoni. Katika mikunjo ya nguo pitisha rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi. Itatuama yenyewe mabondeni. Ikikauka, chovya brashi katika rangi iliyofifia, uifute kwenye kitambaa hadi karibu isiache alama, ndipo uipitishe juu ya miinuko. Rangi ya maji hufifia zaidi ikikauka, basi usikimbilie kuongeza. Gobori la zamani lahitaji kutu: unga wa tofali jekundu katika gundi, uguswe kwa kipande cha sifongo, usipakwe kote. Bunduki ya askari ilitunzwa. Mpe kutu kidogo sana au usimpe kabisa. Tofauti hiyo peke yake yatosha kuanzisha mazungumzo ya darasa zima kuhusu nani alikuwa na silaha gani.

Kwa kitako, kipande cha mbao cha sentimita 5 kila upande kinatosha. Udongo wa Matumbi hatunao, na kuuigiza kwa kubahatisha hakuna faida. Ni afadhali kuonyesha Uzaramo wenyewe. Vita ilifika huku pia, na Kibasila, jumbe wa Kisangire, alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Wanafunzi walete udongo wa nyumbani: mwekundu wa vilima vya Kisarawe, wa kichanga wa Kibaha, mweusi wa bonde la Ruvu. Ukaangwe katika kikaango kikuukuu ili wadudu na mbegu vife. Usipokaangwa, kitako chaweza kuota majani kweli. Nyuzi za katani zilizochovywa katika chai ya rangi huwa nyasi za kiangazi. Mpamba ni kijiti chenye vipande vidogo vya pamba, nao ulazwe chini, mizizi juu.

Tunashauri kitako kimoja kiachwe bila kisanamu chochote. Kiwe shamba lililochomwa: masizi, vumbi la makaa, majivu, na nguzo za ghala la chakula zilizobaki nusu. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na akiba za nafaka, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Serikali ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000, mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kitako hiki kiwekwe mezani mwisho, na mwalimu anyamaze kidogo. Wanafunzi watauliza wenyewe watu wamekwenda wapi.

Chini ya kila kitako ibandikwe karatasi yenye mwezi, mwaka, mahali panapoonyeshwa, na mahali udongo ulipochotwa. Maandishi yawe ya kalamu ya risasi, maana wino wa kalamu nyingine husambaa gundi inapolowa.