Tarehe 20 Oktoba: Yaliyotokea, Waliozaliwa na Umuhimu wa Kuandikisha Mtoto

Kila mwaka tarehe 20 Oktoba shule na afisi hufungwa, na Wakenya huadhimisha Siku ya Mashujaa. Somo hili linaeleza yaliyotokea tarehe hiyo nchini na ng'ambo, watu mashuhuri waliozaliwa siku hiyo, na sababu ya kila mzazi wa Kawangware kuhakikisha kwamba tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe imeandikwa.

Nchini Kenya

Jumatatu, 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari ili kuwazima wapiganaji wa Mau Mau. Usiku huo, kuamkia tarehe 21, askari walianza kuwakamata viongozi wa Waafrika. Sita kati yao walishtakiwa huko Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba. Aprili 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu.

Wakati huo eneo la Dagoretti, iliko Kawangware, lilikuwa nje ya mipaka ya mji wa Nairobi, chini ya Wilaya ya Kiambu. Ndani ya mji, msako mkubwa zaidi ulianza 24 Aprili 1954 katika Operesheni Anvil. Askari walizingira mitaa ya Waafrika, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kizuizini. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960.

Baada ya uhuru, tarehe 20 Oktoba iliitwa Siku ya Kenyatta. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 9, iliifanya kuwa Siku ya Mashujaa, ili wakumbukwe wote waliochangia kupigania uhuru na kuijenga nchi.

Ulimwenguni

Tarehe hiyo mwaka 1973, Malkia Elizabeth II alifungua Jumba la Opera la Sydney nchini Australia. Mwaka 2011, Muammar Gaddafi, aliyeitawala Libya kwa miaka 42, aliuawa mjini Sirte.

Waliozaliwa tarehe 20 Oktoba ni pamoja na John Dewey (1859), Mmarekani aliyetetea elimu ya mtoto kujifunza kwa kutenda, na Kamala Harris (1964), aliyezaliwa Oakland, California, na mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Makamu wa Rais wa Marekani.

Siku ya kuzaliwa isiyojulikana

Siku aliyozaliwa Dewey inajulikana, ingawa alizaliwa kabla ya Kenyatta. Ya Kenyatta haijulikani. Wanahistoria hukadiria kwamba alizaliwa katika miaka ya 1890 au kabla kidogo, kwa sababu hakuna aliyeiandika siku yenyewe. Siku ya Kenyatta haikuwa siku yake ya kuzaliwa, bali ukumbusho wa kukamatwa kwake.

Wazee walikuwa na njia zao za kuweka kumbukumbu. Wabukusu humwita Wafula mtoto wa kiume aliyezaliwa msimu wa mvua, na Nekesa msichana wa wakati wa mavuno. Kwa Wajaluo, Otieno alizaliwa usiku. Wakikuyu walizipa rika majina ya matukio. Majina haya hutaja msimu, saa au kizazi, lakini hayatoi tarehe, na leo shule, hospitali na afisi za serikali huuliza tarehe.

Mzazi afanye nini?

1. Mtoto akizaliwa hospitalini au katika kituo cha afya, wahudumu hujaza taarifa ya kuzaliwa. Kabla ya kuondoka, mama ahakikishe kwamba jina, tarehe na majina ya wazazi yameandikwa sawasawa, kisha aihifadhi karatasi anayopewa.

2. Mtoto akizaliwa nyumbani, mzazi apige ripoti mapema kwa naibu wa chifu wa eneo lake.

3. Mtoto aandikishwe kabla ya miezi 6 kuisha. Baada ya hapo huwa ni usajili wa kuchelewa, unaohitaji stakabadhi zaidi.

4. Ombi la cheti cha kuzaliwa hupelekwa kwa idara ya serikali ya kitaifa inayosajili vizazi na vifo. Cheti hicho huhitajika mtoto anaposajiliwa kwa mitihani ya kitaifa, na baadaye anapotafuta kitambulisho au pasipoti.

Kosa la tarufi moja likirekebishwa mapema, mtoto huepushwa na safari nyingi za afisini akiwa mtu mzima.

Zoezi la nyumbani

• Je, kila mtoto nyumbani ana cheti cha kuzaliwa, na je, majina yaliyomo yanafanana na yale ya shuleni?

• Muulize babu, nyanya au jirani mzee: alizaliwa wakati wa tukio gani? Andika jibu lake pamoja na jina lake.

• Ni nani katika mtaa wako anayestahili kukumbukwa Siku ya Mashujaa, na alifanya nini?