Homa ya Uti wa Mgongo Si Jini

Ndugu msomaji, hapa Mpanda tunaulizwa mara kwa mara: mtoto akishikwa na homa kali, shingo ikakakamaa, jicho likaenda upogo naye akaweweseka, je, si jini aliyempanda? Uliyejiunga na Jamaat karibuni huenda hata ukalaumiwa na jamaa zako kwamba umeyaleta wewe, kwa kuacha mizimu. Usikasirike, wafahamishe.

Mwenyezi Mungu ametuhimiza tuzitazame nafsi zetu. Ubongo na ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya mishipa ya fahamu ipitayo ndani ya pingili, vimefunikwa kwa tando tatu, na humo hupita maji maangavu. Ubongo hutoa jozi 12 za mishipa ya fahamu, ugwe jozi 31. Vijidudu viingiapo katika maji hayo, tando huvimba, na kuinamisha shingo huzivuta. Mshipa wa sita ndio ulivutao jicho upande wa nje; ukibanwa, jicho huenda upogo. Wa nane ukiharibika, mtoto hupona akiwa kiziwi. Jini yuko wapi hapo? Sisi Waahmadiyya hatukubali kwamba jini humwingia mtu na kumtawala. (Hata jina la Kiswahili hutupoteza kidogo, maana ugonjwa huu hauko katika mfupa.)

Wengine hufika hospitali, kisha huikataa sindano ya mgongo: "Atapooza!" Ugwe wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huchomwa chini ya hapo, penye maji na nyuzi za mishipa zielezazo, ambazo husogea. Kwa mtoto mchanga ugwe hushuka zaidi kidogo, na mganga wa hospitali huchagua pa chini zaidi. Katavi ina malaria nyingi, na malaria iliyopanda kichwani hufanana mno na homa hii. Maji hayo ndiyo husaidia kuzitenganisha. Yakitoka na ukungu, ni dalili ya usaha.

Mtume Muhammad s.a.w. ametufundisha kwamba kila maradhi yana dawa, na katika homa hii saa chache ni nyingi. Aliye Karema au Mishamo ana safari ndefu hadi Mpanda. Basi aanze na kituo cha afya kilicho karibu, na dua aiombe njiani.