Mwanangu Kampa Mtu Namba ya Siri

*Shangazi, mwanangu wa miaka 13 hucheza gemu ya Free Fire kwenye simu yangu. Humo kakutana na mtu aliyemuahidi almasi za gemu za bure. Mtoto kamtumia picha ya kadi yangu ya benki, mbele na nyuma, namba yangu ya NIDA, PIN ya pesa za simu na zile tarakimu zilizoingia kwa meseji. Usiku huohuo 85,000 ikatoka. Baba yake anataka kuivunja simu na kumtandika mtoto. Mimi sili, silali. Nifanyeje? – Mama, Morogoro*

Pole sana, mwanangu. Kama PIN hujaibadili, acha kusoma, ibadili kwanza. Kisha piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, uwatajie muamala ule na saa uliofanyika. Hela ikiwa bado imelala kwenye laini ya tapeli, wanaweza kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, sitakudanganya, kuirudisha ni kazi.

Kadi nayo ifungiwe leo. Usijifariji kwamba benki hakijatoka kitu. Tapeli mara nyingi huanza kwa kukata kihela kidogo cha kuijaribu kadi, usichoweza hata kukigundua, ndipo achote. Omba kadi mpya yenye namba mpya. Kubadili PIN ya kadi pekee hakusaidii, kwa sababu manunuzi ya mtandaoni hutumia namba ya mbele, tarehe ya kuisha na tarakimu tatu za nyuma, na vyote hivyo anavyo.

Namba ya NIDA huwezi kuibadili kama PIN. Kusajili laini kunataka alama za vidole, lakini hakikisha: piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho ikafutwe. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, na polisi uende ukapate namba ya taarifa (RB).

Sasa mtoto. PIN yako aliijuaje? Nahisi ni hivi: nyumba zetu nyingi mtoto hutumwa kwa wakala na simu ya mama, "Katoe elfu kumi, namba ya siri ni mwaka uliozaliwa." Akifika dirishani anaitamka kwa sauti, wakala anabonyeza, foleni nzima imesikia, na mtoto anasifiwa ana akili. Basi amekua akijua kwamba namba ya siri hutajiwa mtu mwema anayeiuliza. Na huyu wa kwenye gemu alikuwa mwema kweli! Kamfundisha mbinu, kamsifia, labda hata kamwita mdogo wangu. Mwanao kafanya alichofunzwa nyumbani, ila safari hii kwa mtu asiyemwona.

Kwa hiyo fimbo siiungi mkono, na si kwa huruma tu. Tapeli akishamla mtoto hurudi: "Tuma elfu ishirini nikurudishie zile," au "Usipotuma namwambia mama yako." Aliyechapwa mara ya kwanza, mara ya pili atalipa kimyakimya, na hela ya kulipa ataitoa kwenye pochi yako. Kaa naye akusomee meseji zote tangu salamu ya kwanza, bila kumkatiza. Kisha muulize: ni wapi ulianza kusitasita? Pengine pale alipoambiwa asimwambie mtu, au alipoombwa ageuze kadi upande wa pili. Akipataja mwenyewe, anzia hapo kumfundisha. Atakumbuka kuliko hotuba yako nzima.

Almasi usizipige marufuku kabisa, atazitafuta kwa simu ya rafiki. Pangeni kiasi cha mwezi, ununue wewe huku yeye akitazama, na kadi isihifadhiwe kwenye gemu. PIN mpya isiwe mwaka wa mtu yeyote hapo nyumbani, na kwa wakala uwe unakwenda mwenyewe.

Baba yake mwambie simu isivunjwe wala gemu isifutwe: namba, jina la kuchezea na meseji zote za huyo mtu zimo humo, na polisi watazitaka.