Mgeni Anayekuja Kumtazama Mtoto

Mtu akipiga hodi kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, daftari mkononi, wengi wetu hujiuliza: huyu katumwa na nani? Basi leo tujifunze kazi ya mhudumu wa afya wa kijiji.

Kazi hii si ngeni nchini. Mwaka 1983 mkoa wa Iringa ulianza mpango wa lishe katika vijiji 168, kwa msaada wa UNICEF na WHO. Watoto wa chini ya miaka 5 walipimwa uzito hapo hapo kijijini. Kadi ilikuwa na rangi: kijani ni uzito mzuri, kijivu ni hatari, nyekundu ni hatari kubwa. Lakini mzani hauponyi mtoto. Mhudumu alifika nyumbani, akakaa na wazazi wakatafuta sababu. Mara nyingi chakula kilikuwemo ndani. Shida ni kwamba mtoto alikula mara chache mno, pamoja na wakubwa, maana mama yuko shambani tangu alfajiri. Tumbo la mtoto ni dogo, haliwezi kujazwa asubuhi likangoja jioni. Hapo mama hana kosa la kusutwa. Nani ashike jembe, nani abaki na mtoto? Hilo ni swali la baba pia. Vijiji vingine vililijibu kwa kuanzisha vituo vya kulelea watoto.

Kuhusu mtoto mchanga, WHO na UNICEF walishauri mwaka 2009 atembelewe siku ya 1, ya 3 na, ikiwezekana, ya 7. Vifo vingi vya watoto wachanga hutokea katika juma hilo la kwanza. Mhudumu hutazama: ananyonya? Anapumua haraka mno? Mwili ni wa moto, au baridi? Kitovu kinatoa usaha? Amepata degedege? Ikiwepo dalili hata moja, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Msingoje kukuche.

Mhudumu naye awe na adabu. Akiingia tu na kuanza kufokea uchafu wa uani, hatapokelewa mara ya pili, na sisi hatutawalaumu wenye nyumba. Bibi naye aitwe, kwani mara nyingi yeye ndiye huamua uji uanze lini. Miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yanatosha, hata maji hayatakiwi.

Maswali ya kujadiliana:
1. Wakati wa palizi, nani hubaki na watoto kijijini kwenu?
2. Huwapa chakula gani, na mara ngapi kwa siku?